Miiba Iliyochujwa

Asubuhi ile niliwasha kompyuta ya maabara nikakuta namba zangu zimenyolewa. Mchoro niliouacha jana yake ulikuwa na miiba, ndivyo tunavyoiita, ile mistari mirefu inayochomoza ghafla kila maji yanapofanya vurugu. Sasa mbele yangu palikuwa na mstari mmoja laini, umetulia tuli, kama kichwa cha mtu aliyetoka kwa kinyozi. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Imechujwa. Safi."

Sikuuliza ni nani. Maabara nzima, anayetumia neno "safi" kwa namba ni mmoja tu, Profesa, mkuu wetu. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilisukuma kiti kikaenda kugonga kabati, na fundi wa pampu, aliyekuwa amechuchumaa chini ya mfereji na spana yake, akachungulia akasema, "Haya, Petroli keshawaka."

Petroli ni mimi. Jina walinipa mwaka wangu wa kwanza pale, na sijawahi kufanya lolote la kulikanusha.

Kazi yetu ni kupima maji yanayokwenda kwa fujo. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, wanadhani nashinda nikifukuzana na mabomba yaliyopasuka. Maji ya taratibu hayana shida, hata mtoto atayapima kwa kijiti. Shida ni maji ya mtoni, yanayojikunja, yanayorudi nyuma, yanayozama na kuibuka, kila tone na njia yake. Kwa hiyo tuna mfereji wa kioo, mrefu kama korido ya shule, na pampu inayoyazungusha maji humo bila kuchoka. Tunatia majini unga mwepesi unaong'aa, tunaumulika kwa leza, kisha mashine inaufuata ule unga na kutuambia maji yamekwenda wapi na kwa kasi gani. Katikati ya mfereji imesimama nguzo ndogo ya plastiki, nene kama chupa ya soda. Hiyo ndiyo nguzo ya daraja.

Daraja lenyewe halijajengwa bado. La zamani lilizolewa na mafuriko, na ofisi ya madaraja ikatuletea swali moja: nguzo za daraja jipya zizame kina gani kwenye mchanga wa mto? Kama maji hayachimbi, msingi mfupi unatosha na kazi inaisha mapema. Kama yanachimba, lazima washuke mpaka kwenye mwamba. Swali lilikuwa hilo tu, na jibu lake lilikuwa ndani ya miiba.

Maana kwa wastani maji yale ni mapole. Ukiangalia wastani wake utaapa kwamba hayawezi kuondoa hata punje ya mchanga. Lakini mara kwa mara, bila hodi, fungu la maji linashuka kwa nguvu usoni mwa nguzo, linapiga chini, linaondoka. Hiyo ndiyo miiba. Anayeichuja anasema mto hauna meno.

Ng'ambo ya mto ule kuna shule ya chekechea. Mwalimu wake mkuu ni mke wa mjomba wangu, ninayemwita Mama kwa sababu ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipofariki. Na mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, ndiye Profesa.

Siku niliyoajiriwa alinisimamisha mlangoni pa maabara akaniambia, "Ukivuka hapa, mimi ni Profesa. Mjomba mwache nyumbani, utamkuta jioni." Nikatii. Miaka yote ile ulimi haukuniteleza hata mara moja, na bado watu walinong'ona kwamba mpwa kabebwa. Nilifanya kazi kama punda ili wanyamaze, wala hawakunyamaza.

Basi nikaenda ofisini kwake. Sikubisha hodi.

"Profesa, kwa nini umenyoa namba zangu?"

"Kwanza shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kaa."

"Sikai."

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa tai yake. Hufanya hivyo akitaka mtu apoe. Nami akifuta miwani ndiyo nazidi kuchemka.

"Sikunyoa," akasema. "Programu ndiyo inayochuja. Nukta ikienda mbali mno na wastani, inatolewa. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Ndiyo maana siku zote tunapata mstari laini."

"Ni viputo vya hewa vile, mwanangu. Viputo, takataka, umeme unaochezacheza. Mimi nilikuwa nachuja namba hizi wakati wewe bado unakojoa kitandani."

"Na mto nao ulikuwa unachimba."

Akacheka. Kicheko chake nakipenda nyumbani, kinajaza sebule. Pale ofisini kilinikata maini.

"Sikiliza," akasema. "Mhandisi wa madaraja anakuja wiki ijayo kuchukua ripoti. Ukinithibitishia kwamba ile miiba ni maji, siyo viputo, naandika upya kwa mkono wangu. Usiponithibitishia, unaacha kunipigia kelele. Tumeelewana?"

Nikatoka. Kwenye korido, nje ya mlango wake, kuna fremu kubwa yenye mchoro wa ujana wake: mstari mmoja mzuri unaoonyesha kwamba maji ya kasi fulani hayadhuru nguzo ya unene fulani. Wanafunzi wanaukariri. Wahandisi wameubandika ofisini kwao. Kwa ajili yake watu wanamwita Mzee Mstari, akiwa hayupo. Nimepita mbele ya ile fremu maelfu ya mara, na siku ile ndiyo nilisimama nikaitazama vizuri. Nukta zote zimekaa juu ya mstari kwa adabu, hakuna hata moja iliyotoka nje. Nikajiuliza zile nyingine alizitupa wapi.

Njia ya kuthibitisha nilikuwa nayo. Kabatini tulikuwa na kihisi cha moto, kidude chenye ncha nyembamba kuliko unywele, kinapashwa kwa umeme, na maji yanayopita yanakipoza. Yakipita kwa kasi kinapoa zaidi. Leza inaona unga, kihisi kinaona baridi, kila kimoja kina upofu wake. Kiputo kinaweza kudanganya kimoja, lakini hakiwezi kudanganya vyote viwili kwa namna moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiviweka ubavu kwa ubavu mbele ya mguu wa nguzo, mwiba ukitokea kote kuwili, hayo ni maji.

Fundi wa pampu alinisaidia kukifunga. Alikuwa akihema kwa woga.

"Ukikivunja hiki," akasema, "mimi sikuwepo. Nilikuwa msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Hatukukivunja. Tuliendesha mfereji kutwa, kesho yake tena, na keshokutwa. Mimi nilikuwa na uhakika, jamani. Nilikuwa tayari nimepanga maneno nitakayomwambia, moja moja, kwa ukali wa kila moja. Kisha nikaweka michoro miwili juu kwa chini, nikaanza kulinganisha, na moyo ukaanza kushuka.

Sehemu kubwa ya miiba yangu ilikuwa viputo.

Mwiba mrefu upande wa leza, upande wa kihisi kimya. Mwingine, kimya. Mwingine, kimya. Pampu ilikuwa inavuta hewa kwenye maungio na kuitema mferejini, na mimi nilikuwa nikiitetea ile hewa kama mwanangu. Nilikwenda nikaipiga pampu teke. Fundi alikasirika kuliko mimi, na kidole changu cha mguu kilivimba.

Lakini siyo yote. Baada ya kutupa viputo, wazi na bila huruma, ilibaki miiba michache. Hiyo ilitokea kote kuwili kwa mpigo, na kila mmoja ulikuwa na umbo lile lile: maji yanatoka juu, yanashuka usoni mwa nguzo, yanapiga mguu wake. Hayo yalikuwa maji matupu. Yalikuwa machache, lakini yalikuwa na nguvu ya kutisha.

Ningeweza kunyamaza kuhusu viputo. Nilijua nikivitaja atanimaliza. Nikavitaja, kwa sababu kama na mimi nachagua namba ninazozipenda, basi nilikuwa namgombeza kwa lipi?

Na kweli akanimaliza. Aliangalia karatasi zangu muda mrefu, akaziweka mezani, akasema kwa upole, "Basi umejijibu mwenyewe."

"Profesa, hiyo iliyobaki ni maji."

"Sikatai. Ni michache. Haisogezi wastani hata kwa ukucha."

"Nani kauliza habari ya wastani? Mtu akipigwa ngumi moja kwa mwezi, wastani wake ni kwamba hajapigwa?"

"Unanipandishia sauti ofisini kwangu."

"Ndiyo, napandisha."

"Umeniambia kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Sasa unataka nimwambie mhandisi achimbe hadi mwambani kwa sababu ya mabaki ya kosa lako? Toka nje, tafadhali."

Nilitoka nikiuma meno mpaka taya likaniuma. Kilichoniwasha zaidi ni kwamba alikuwa na haki kidogo. Mtu mwenye haki kidogo ndiye anayeudhi kupita wote.

Jumapili nilikwenda kula kwao kama kawaida, maana nisingeenda Mama angekuja kunichukua. Mjomba alinipakulia mwenyewe, akaniwekea kipande kikubwa kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Nilikitazama kile kipande nikataka kulia kwa hasira. Mama alikuwa akisimulia safari yake. Tangu daraja lizolewe analazimika kuzunguka kwa barabara ya juu, anaondoka kabla hakujapambazuka, na watoto wengi wa upande huu wameacha kuja shule kabisa.

"Lakini mjomba wako kaniahidi," akasema. "Mwaka ujao navuka kwa miguu yangu, na watoto wangu wananifuata mstari mmoja."

Mjomba hakuinua uso. Mama akatutazama, mmoja kisha mwingine.

"Nyie wawili mna nini? Mnatafuna kama mnagombana na meno."

"Kazi tu," akasema Mjomba.

Baada ya chakula yeye huosha vyombo, mimi nafuta. Tulisimama pale kwenye sinki, bega kwa bega, maji yakichuruzika. Nilikuwa nimeapa kutosema neno la maabara nyumbani. Yeye ndiye aliyeanza, bila kunitazama.

"Ukisema huu mstari wa sasa una kosa, basi na ule wa kwenye korido una kosa. Yote miwili ilichujwa kwa chujio moja. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Unajua ni madaraja mangapi yamejengwa kwa kuutazama ule?"

"Sijui."

"Mimi najua." Akasuuza sahani iliyokuwa imeshasuuzwa. "Ndiyo maana hauna kosa."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Siku zote zile nilidhani napigana na majivuno. Majivuno ningeyaweza. Huyu mzee alikuwa akiogopa, na kwa ajili ya woga wake alikuwa tayari Mama apite juu ya nguzo ile asubuhi na jioni na watoto nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele hadi majirani watoke. Lakini pale alikuwa Mjomba, na Mjomba sijawahi kumpigia kelele. Nikafuta sahani, nikaiweka kabatini, nikaaga.

Jumatatu nilifika maabara mapema, nikaketi mbele ya mfereji nikiwa sina hamu ya kuwasha chochote. Ndipo macho yangu yakatua kwenye sakafu yake. Chini ya maji tumetandika mbao, na juu ya mbao kuna mchanga uliobandikwa kwa gundi, ukikaa imara kama msasa. Ni amri ya Profesa ya tangu zamani: mchanga mtupu hauingii kwenye mfereji, unakwaruza kioo na kuila pampu. Sote tuliikuta amri hiyo, tukaizoea, tukaisahau.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Miaka yote tulikuwa tunauliza kama maji yanachimba, na mchanga tumeubandika kwa gundi. Halafu yale maji yenye hasira tunayafuta kwenye kompyuta. Mto tumeufunga mdomo kisha tunaandika ripoti kwamba hauumi.

Nikamfuata fundi.

"Nataka tung'oe mbao zote. Tunamwaga mchanga mtupu."

Alinitazama kama nimemwomba figo. "Pampu ile ni mke wangu wa pili."

"Mwombe radhi."

"Profesa kasema ndiyo?"

"Profesa hajaulizwa."

Alikuna kichwa, akazunguka pampu yake, akaigusagusa. Mwishowe akasema atashona mfuko wa kitambaa aufunge mwisho wa mfereji, udake mchanga kabla haujafika kwa mke wake. Akashona kweli, kwa mkono, huku akinung'unika. Maungio yale yaliyokuwa yakivuta hewa akayaziba upya ili pasiwe na kiputo hata kimoja cha kusingiziwa. Tukamwaga mchanga, tukausawazisha kwa ubao, nikapanda nguzo yangu kwa kina kile kile kilichoandikwa kwenye ripoti ya Profesa, nikiwa nimekipunguza kulingana na udogo wa nguzo. Sikumwibia hata unywele.

"Sasa hapa," akasema fundi akijipangusa mikono, "umemtia mzee mchanga kwenye kitumbua."

Mhandisi wa madaraja alikuja siku aliyosema, amevaa viatu vinavyong'aa, simu mkononi, haraka tele. Profesa alikuwa na koti lake la wageni, na ripoti kwapani. Wageni wote huwapitisha kwenye mfereji kwanza, waone leza, wapendezwe. Akafungua mlango, akaanza hotuba yake ya siku zote, kisha akaona sakafu ya mfereji. Hotuba ikakatika.

"Hii ni nini?"

"Mchanga, Profesa."

"Naona ni mchanga. Nimeuliza ni nini."

"Ni mto," nikasema. "Nguzo imesimama kwa kina chako, maji ni ya kasi yako. Nimedhani mgeni angependa kuiona ripoti kabla ya kuisoma."

Mhandisi akafurahi kama mtu aliyeahidiwa sinema. Profesa alinitupia jicho ambalo nyumbani lingetosha kunipeleka chumbani kulala. Lakini mbele ya mgeni angefanya nini? Akatabasamu. Na naamini alitabasamu kwa moyo, kwa sababu mstari wake aliuamini.

"Sawa," akamwambia mhandisi. "Kwa kasi hii hakuna punje itakayoondoka. Karibu ushuhudie punje zikikaa."

Fundi akawasha pampu. Maji yakajaa, yakatulia katika mwendo wake. Tukasimama watatu mbele ya kioo. Mchanga ukakaa. Tukangoja. Mchanga ukakaa. Profesa akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshiba. Mhandisi akaanza kupitisha kidole kwenye simu yake, akasoma kitu, akajibu, akasoma tena. Nilihisi jasho likinitambaa mgongoni, na chuki juu ya ile simu ambayo siwezi kuieleza.

Ndipo maji yakashuka. Ghafla, bila dalili, kwenye mguu wa nguzo mchanga ukafumuka, ukapanda juu kama vumbi la zulia linalopigwa, ukachukuliwa. Palibaki kishimo.

"Umeona?" nikapaza sauti.

Mhandisi akainua uso. "Nini?"

Profesa alikuwa kando yangu, paji la uso karibu linagusa kioo. Nilimwona akiona. Macho yake yaliufuata ule mchanga mpaka mwisho.

"Profesa ameona," nikasema.

Mhandisi akamgeukia. Pampu ikanguruma. Fundi akaacha kufuta mikono.

"Sikuona kitu," akasema Profesa.

Nimekasirika mara nyingi maishani mwangu, ninazijua hasira kwa aina zake. Ile haikuwa ya moto. Niliganda. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma saa, kuendesha baiskeli, na kutosema uongo, kwa mpangilio huo. Nikamgeukia mhandisi nikanyoosha mkono.

"Naomba simu yako."

"Samahani?"

"Nitakurudishia. Naomba."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alinipa. Nikaitia kwenye mfuko wa koti langu. Nikavuta viti vitatu nikavipanga mbele ya kioo.

"Tunakaa," nikasema. "Mpaka niseme."

Tukakaa. Mwiba wa pili ulichelewa. Ulipokuja, mhandisi alisema "Ala!" akasogeza kiti mbele. Uliofuata ulimkuta ameshainama. Kishimo kikawa shimo. Profesa akaanza kueleza: mchanga ni mwembamba mno, pampu inatikisa, maungio hayaaminiki. Mhandisi aliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuondoa macho kwenye kioo. Ukaja mwingine. Profesa akaeleza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Ukaja mwingine. Hapo hakueleza.

Saa ya chakula cha mchana ikapita na hakuna aliyeitaja. Shimo lilikuwa limezunguka nguzo na kuingia chini ya mguu wake. Kwa wastani, maji yalikuwa bado ni mapole. Kisha nguzo ikainama. Kidogo tu, kama mtu anayesinzia ibadani.

Profesa akainuka. Nilidhani anatoka. Badala yake alizamisha mkono mferejini, na koti lake la wageni, hadi kwenye kiwiko, akaishika ile nguzo akaisimamisha.

Alisimama hivyo, ameinama, vidole vimeikamata plastiki, maji yakiuzunguka mkono wake na unga wetu ukimetameta kwenye vifundo. Hakunitazama. Aliitazama nguzo. Alikuwa ameishika kama alivyokuwa akishika kiti cha baiskeli yangu, akikimbia nyuma yangu, akiniapia kwamba hataniachia.

Hasira yangu yote ilikuwa pale pale, haikupungua hata tone.

"Toa mkono, Mjomba," nikasema.

Mabega yake yakashtuka. Mhandisi akanitazama, akamtazama, akaelewa kitu ambacho hakikuwa kazi yake.

"Toa mkono. Mama anapita hapo."

Akafumba macho. Kisha vidole vikaachia, taratibu, akatoa mkono, na maji yakatiririka kutoka kwenye mkono wa koti hadi kwenye viatu vya mhandisi. Nguzo ilikaa kidogo peke yake. Halafu ikaanguka, ikagonga kioo, ta, na maji yakaanza kuibiringisha mpaka kwenye ule mfuko wa kitambaa wa fundi.

Mhandisi ndiye aliyepata sauti kwanza. Alishusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Basi tunashuka hadi mwambani," akasema. "Bahati njema kwamba tumejua kabla. Jambo limekwisha."

"Halijakwisha," akasema Mjomba. Mkono wake ulikuwa bado unadondosha maji, na hakuufuta. "Kuna mengine."

"Mengine yapi?"

"Madaraja."

Nikatoa simu ya mhandisi mfukoni, nikamrudishia. Safari hii alikuwa na watu wengi wa kuwapigia.